Jozi ya Reach RS2+ kwenye njia ya bomba: mlalo hauna shida, kimo kina masharti

Mwenye kupanga njia ya bomba ana maswali mawili. La kwanza: bomba lipite wapi? La pili: kitakachopita ndani yake kitapanda wapi na kushuka wapi? Jozi ya vipokezi vya setilaiti vya Emlid Reach RS2+, kimoja kikiwa besi (kinakaa mahali pamoja) na kingine rova (kinatembea na mpimaji), inajibu swali la kwanza vizuri kiasi kwamba ni vigumu kudai zaidi. La pili inalijibu nusu. Nusu iliyobaki ni ya mpimaji, na hapo ndipo kazi nyingi za bomba zinapoharibikia, mara nyingi bila mtu kujua hadi maji yafunguliwe.

Tuanze na chombo chenyewe. Kipokezi kimoja kina uzito wa gramu 950. Kinasikiliza setilaiti za GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou kwenye masafa mawili, kina modemu ya LTE na redio ya LoRa, kina GB 16 za kuhifadhi data ghafi, na kinachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo hata pawabenki ya simu inatosha kukiokoa jioni. Kinga yake ni IP67: vumbi haliingii na mvua haikisimamishi. Kwenye boksi hakuna tripodi, fimbo wala tableti, na hivyo ni vitu vya kupanga mapema. Tripodi iwe nzito, maana besi ikisukumwa na upepo milimita 20, pointi zote za siku hiyo zinasukumwa pamoja nayo.

Mtengenezaji anaandika usahihi wa RTK (rova ikisahihishwa na besi papo hapo) wa mm 7 + 1 ppm kwa mlalo na mm 14 + 1 ppm kwa wima. Hiyo ppm wengi huiruka wakati ndiyo inayohusu bomba zaidi ya kazi nyingine yoyote, kwa kuwa bomba ni kazi ndefu. Maana yake ni milimita moja ya ziada kwa kila kilomita kati ya besi na rova. Ukiwa kilomita 10 kutoka besi, mm 7 zako zimekuwa 17 na mm 14 za wima zimekuwa 24. Na hizo ni namba za mahali pa wazi, anga safi, antena imesimama wima.

Kwa mlalo, hata mm 17 ni anasa. Mtaro wenyewe una upana wa sentimita 60 au zaidi. GPS ya mkononi inakupa mita 3 hadi 5 mahali pa wazi, na hiyo inafaa kwa matembezi ya kwanza: kuona makorongo, kuhesabu vivuko, kukwepa makaburi na miamba. Haifai kuchora mpaka wa ardhi itakayolipwa fidia, na haifai kabisa kwa kimo, kwa sababu wima yake ni mbaya kuliko mlalo. Mita 10 za kimo ni karibu bar 1 ya shinikizo la maji. Ukikosea mita 15 kwenye bonde, unaweza kuweka bomba la PN 10 (la kuhimili bar 10) mahali palipohitaji PN 16.

Kazi huanza mezani, na hapo Reach haihusiki. Modeli za ardhi za bure, SRTM iliyorushwa Februari 2000 na Copernicus GLO-30, zina namba moja ya kimo kila mita 30 hivi. Zinatosha kuchagua ukanda wa kupita, si kuchora profaili ya kujengea. Rada haikupima udongo peke yake. Ilipima pia vilele vya miti na mapaa. Pia zina marejeo mawili ya kimo: SRTM imekaa kwenye jioidi (uso wa usawa unaofuatwa na maji) ya EGM96, Copernicus kwenye EGM2008. Anayezichanganya kwenye programu ya ramani kama QGIS bila kuangalia anatengeneza ngazi ambayo ardhini haipo.

Ukanda ukishachaguliwa, rova inaingia. Kwa profaili, piga pointi kila mita 20, na juu ya hizo, kila mteremko unapobadilika: ukingo wa juu na wa chini wa korongo, kingo mbili za barabara na katikati yake, mguu wa tuta. Usitegemee hesabu ya mita 20 peke yake. Kinundu cha sentimita 60 kikikaa katikati ya pointi mbili, kwenye mchoro hakipo. Mtaro utachimbwa kufuata ardhi, bomba litapanda kinundu, hewa itajikusanya pale juu pasipo na vali ya kuitoa, na maji yatapita kwa kubanwa miaka yote. Fundi atalaumu pampu.

Sasa besi, kwa sababu makosa makubwa ya jozi hii yanazaliwa hapo. Ukiwasha besi, programu ya simu, Emlid Flow, inakupa njia kadhaa za kuiambia ilipo. Iliyo rahisi ni kuiacha ichukue wastani wa nafasi yake yenyewe, bila masahihisho, kwa dakika chache. Rova itapata FIX (jibu lililojifunga, la sentimita) kama kawaida, skrini itaonyesha sentimita 1, na kila mtu atafurahi. Lakini hiyo sentimita ni umbali kutoka besi. Besi yenyewe inaweza kuwa imekosea mita 2 au 3 duniani, na kesho ukiisimamisha palepale kwa njia ileile itakosea kwa kiasi kingine na upande mwingine. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kigingi cha mwisho cha jana, ukikipima leo asubuhi, kimehama mita moja na nusu pembeni na mita mbili juu. Profaili inakuwa na ngazi kila mahali siku mbili zinapokutana. Aliyeko ofisini akizilainisha ngazi hizo kwa macho, ameshaharibu mteremko wa bomba.

Dawa ni bikoni za zege zenye pini ya chuma katikati, zilizojengwa mbali na mtaro ili tingatinga lisizing'oe, mbili mbili zinazoonana, kila kilomita 5 au 6. Kila bikoni ipate koordinati moja tu kwa mradi mzima. Weka kipokezi juu yake kirekodi data ghafi kwa saa kadhaa, kisha tuma faili la RINEX (muundo wa kawaida wa data hizo) kwa huduma za mtandaoni za kukokotoa nafasi: CSRS-PPP ya Kanada, AUSPOS ya Australia, OPUS ya Marekani. Zote ni za bure. OPUS ya kawaida inataka saa 2 hadi 48 za data. AUSPOS inakubali kuanzia saa 1, ila mbili au zaidi ni bora. Jibu linalotumia obiti za mwisho za setilaiti linachukua wiki mbili hivi. La haraka linapatikana kesho yake, na kwa bomba tofauti yake ni ndogo. Baada ya hapo, koordinati ziingizwe kwa mkono kwenye besi. Usibonyeze tena wastani.

Tahadhari moja juu ya huduma hizo. Jibu lake linakuja kwenye mfumo wa kimataifa wa ITRF, kwa tarehe ya kipimo, wakati ramani za nchi zinaweza kuwa kwenye mfumo wa zamani. Mabamba ya dunia yanatembea. Australia ilipohama kutoka GDA94 kwenda GDA2020, koordinati zilisogea mita 1.8 hivi, na mifumo ya kale zaidi, iliyopimwa kabla ya setilaiti, inaweza kutofautiana na WGS 84, mfumo wa GPS, kwa mamia ya mita. Andika jina la mfumo na tarehe kwenye kila faili. Mchoro wenye kichwa cha "UTM" tu, yaani jina la gridi ya ramani peke yake, haujakamilika.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa ni urefu wa antena. Kwenye RS2+, kitovu cha kupokea mawimbi kiko mm 134 juu ya kitako cha kipokezi. Emlid Flow inaijua namba hiyo na inaijumlisha yenyewe. Wewe unaingiza urefu wa fimbo au tripodi hadi kwenye kitako tu. Ukiijumlisha tena kwa mkono, au ukipeleka data kwenye programu nyingine bila kuangalia kama kimo kimehesabiwa hadi kitako au hadi kitovu, mstari mzima unapanda au kushuka sentimita 13. Kosa hilo halina ngazi wala dalili, kwa kuwa limeenea sawasawa kila mahali. Litaonekana tu pale bomba linapokutana na tangi lililojengwa na mtu mwingine.

Redio ya LoRa inatangazwa kufika kilomita 8. Inafika, pale ambapo besi na rova zinaonana. Nguvu yake ni wati 0.1 tu, haivuki kilima. Njia ya bomba hufuata mabonde, kwa hiyo panga kama una kilomita 3 na ushukuru ukipata zaidi. Besi iende juu, kwenye kilele kinachotazama pande zote mbili za njia, na antena ya redio isifunikwe na mtu wala gari. Masafa na kasi ya data viwe sawa kwenye vipokezi vyote viwili. Ukipunguza kasi ili ufike mbali, punguza pia ujumbe unaotuma, vinginevyo masahihisho yanafika yamechelewa. Penye mtandao wa simu, laini mbili za data na huduma ya bure ya Emlid Caster, inayopitisha masahihisho kwenye intaneti, huondoa shida ya kilima, ila haziondoi ile ppm. Mtu wa kilomita 25 kutoka besi bado ana mm 25 za ziada, hata kama intaneti yake ni ya kasi.

Pasipo na redio wala mtandao, rekodi pande zote mbili na uchakate baadaye kwa Emlid Studio, ambayo pia ni ya bure. Kwa kupima profaili njia hiyo inatosha kabisa. Kwa kupigilia vigingi haifai, kwani kigingi kinahitaji jibu papo hapo.

Chini ya miti ndipo chombo kinapodanganya. FLOAT, yaani jibu ambalo bado halijajifunga, si tatizo, kwa kuwa inajieleza: skrini inakuambia usahihi ni nusu mita, na unaondoka. Tatizo ni FIX ya uongo. Mawimbi yanagonga shina au ukuta, hesabu inajifunga kwenye jibu lisilo sahihi, na skrini inaandika FIX ikiwa imekosea sentimita 40. Kwa kila pointi muhimu, kama kona ya bomba au kivuko, pima, anzisha upya hesabu, pima tena. Na urudi baada ya nusu saa, setilaiti zikiwa zimehama. Majibu mawili yakiachana kwa zaidi ya sentimita 3, usichukue wastani wake. Moja lao ni uongo na hujui lipi. Kwenye msitu mnene piga pointi mbili nje, kisha ingia na totali stesheni, chombo cha kupima pembe na umbali bila setilaiti. Karibu na ikweta ya sumaku kuna adui mwingine: anga ya juu huchafuka baada ya jua kuzama, hasa kuzunguka Machi na Septemba. Huko maliza kazi ya RTK kabla ya magharibi.

RS2+ haina kihisi cha kuinama. Fimbo ya mita 2 ikiinama digrii 1 tu, ncha yake inakosea mm 35. Kiputo cha fimbo kikaguliwe kila wiki, kwa kuzungusha fimbo digrii 180 na kuangalia kama kiputo kinabaki katikati. Kwa anayepima ndani ya mtaro, pembeni ya ukuta wa udongo ambako fimbo haisimami wima, huu ni upungufu wa kweli; ndugu yake RS3 anacho kihisi hicho, na kwa kazi hiyo ndiye wa kununua.

Twende kwenye kimo, kwa sababu ndiyo hukumu yenyewe.

Setilaiti haipimi kimo kutoka usawa wa bahari. Inapima kutoka ellipsoidi, umbo la hesabu lililo laini, lisilojua uzito wa milima wala uvutano wa dunia. Maji yanatii uvutano, yaani jioidi. Pengo kati ya viwili hivi hufika kama mita 106 chini ya ellipsoidi kusini mwa India na kama mita 85 juu yake upande wa Guinea Mpya. Pengo lenyewe si tatizo kama lingekuwa sawa kote. Tatizo ni kwamba linabadilika ukitembea. Kwenye njia ya kilomita 40 linaweza kubadilika mita kadhaa. Maana yake, kwa kimo cha ellipsoidi peke yake, tangi linaweza kuonekana juu ya kijiji wakati maji hayatashuka kufika huko. Kwa hiyo pakia modeli ya jioidi kwenye Emlid Flow kabla ya pointi ya kwanza: ya taifa kama ipo, EGM2008 kama haipo. Kisha pima alama za kimo zinazojulikana angalau tatu, mwanzo, katikati na mwisho wa njia. Zote zikitofautiana kwa kiasi kilekile, sogeza vimo vyote kwa kiasi hicho. Tofauti ikikua kadiri unavyokwenda, modeli ina mwinamo mahali pale na lazima urekebishwe. Alama moja peke yake haiwezi kukuonyesha mwinamo.

Ukifanya hayo, kimo cha RTK kitakaa ndani ya sentimita 2 au 3. Je, kinatosha? Inategemea kilicho kwenye bomba. Kwenye bomba la shinikizo, sentimita 3 ni bar 0.003, hakuna vali wala pampu itakayoihisi. Kwenye maji taka yanayoshuka kwa uzito wake, hesabu ni nyingine. Mteremko wa 1 kwa 500 kati ya chemba mbili zilizoachana mita 20 ni kushuka kwa sentimita 4. Kila chemba ikiwa na shaka ya sentimita 2, mteremko wenyewe una shaka ya karibu sentimita 3. Unaweza kujenga nusu ya mteremko ukidhani umejenga wote, na uchafu utalala pale. Kwa kazi hiyo Reach itoe mlalo wa chemba, na kimo kichukuliwe kwa levo ya tripodi (darubini ya kusoma tofauti za kimo), kwenda na kurudi. Hatukubali mtaro wa maji taka uchimbwe kwa kimo cha RTK peke yake, hata kwa vipokezi ghali kuliko hivi.

Urefu wa bomba nao una mtego. Kwenye UTM, meridiani ya kati ina kipimo cha 0.9996: kilomita 1 ya ardhini inasomeka kwenye ramani ikiwa imepungua sentimita 40. Ukiwa mita 1,500 juu ya bahari, kimo kinaongeza sentimita 23 au 24 nyingine. Jumla ni karibu sentimita 64 kwa kilomita. Njia ya kilomita 60 inakuwa fupi mezani kwa mita 38, yaani mabomba matatu ya mita 12 ambayo hayakuagizwa. Hapo bado hujaweka mteremko. Mahali pa asilimia 20, urefu wa kweli ni asilimia 2 zaidi ya ule wa mlalo. Agiza mabomba kwa urefu wa mteremko ardhini, chenaji (umbali kutoka mwanzo wa njia) ziandikwe kwa mlalo, na mchoro useme ipi ni ipi.

Kupigilia vigingi kwa RS2+ ni kazi laini: kona zote, kisha kila mita 20 kwenye mnyoofu, na vigingi vya pembeni nje ya njia ya mashine. Kazi za mistari kwenye Emlid Flow ziko kwenye usajili wa kulipia, na kwa bomba huwezi kuzikwepa. Hesabu gharama hiyo tangu mwanzo. Faili zitoke kwa CSV na DXF. KML ni ya kumwonyesha mteja, usiifanye chanzo cha vimo.

Kila asubuhi, kabla ya pointi yoyote, rova iguse bikoni ya pili ya jozi. Ikiachana na koordinati zake kwa zaidi ya sentimita 2 mlalo au 4 wima, kazi isianze hadi sababu ipatikane. Jioni iguse tena.

Mahali ambapo jozi hii inarudisha thamani yake kuliko pote ni kabla ya kufukia. Bomba likiwa wazi, pima mgongo wake kwenye kila kiungo, kila kona, kila vali, na kivuko cha kila bomba la zamani lililofukuliwa kwa mkono. Andika pembeni namba ya bomba na kwamba umepima mgongo, si kitako, kwani kwenye bomba la mm 400 tofauti hiyo ni sentimita 40. Setilaiti haioni chini ya udongo. Mtaro ukishafukiwa, rova itapima nyasi tu.